Arobaini ya Mzazi Aliyeko Hospitalini ni Jukumu la Nani?



Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aala), Mwenye kumuumba mwanadamu katika udhaifu kisha Akampa nguvu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, sisi Waswahili tuna ada moja njema tuliyoirithi kwa wazee wetu. Mwanamke akijifungua hukalishwa arobaini. Hapiki, hafagii, hafui. Mama yake au shangazi yake huja kukaa naye, humkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wenye pilipili manga ili maziwa yatoke. Majirani hupishana mlangoni na mabakuli. Ada hii si nguzo ya dini, lakini ndani yake mna rehma kubwa kwa mama na kwa mtoto.

Swali langu leo ni hili: je, mama ambaye arobaini yake yote imemkuta hospitalini, na mtoto wake yuko kwenye sanduku la kioo la kutia joto, ambalo wengi wetu huliita kuvezi, huyo arobaini yake inakaliwa na nani? Jibu langu, baada ya yaliyotukuta mimi na mke wangu, ni kwamba haikaliwi na mtu. Tunamwachia Allaah na wauguzi. Na hilo, ndugu zangu, si sawa.

YALIYOTUKUTA

Mwaka 2024, hapa Bujumbura, mke wangu alipandwa na presha akiwa na mimba ya wiki 30. Miguu ilivimba, kichwa kikamuuma mpaka macho yakawa yanaona giza. Madaktari walisema mimba ikiendelea tunaweza kuwapoteza wote wawili, wakamzalisha usiku uleule. Mtoto wetu wa kiume alikuwa na uzito wa gramu 1,180. Kifuko cha sukari cha kilo moja, ukiongeza konzi chache, ndiye huyo mwanangu. Wenzetu wa Tanzania huwaita watoto kama hawa watoto njiti, na ukimwona utajua kwa nini.

Tulikaa hospitalini siku 54.

Siku tatu za mwanzo watu walikuja kwa wingi. Walitoka Buyenzi kwa makundi, akina mama na mabuibui yao, na vijana wa msikitini, mpaka mlinzi akawa mkali. Alhamdulillaah, niliona fahari kuwa Muislamu. Wiki ya pili wakawa wawili watatu. Wiki ya nne nilihesabu, hakuja mtu hata mmoja ila mama mkwe wangu. Mwaka ule mafuta ya gari yalikuwa shida katika nchi yetu, watu walitembea kwa miguu mwendo mrefu, hilo nalijua na simlaumu mtu. Tena mimi mwenyewe ni wa kwanza kulaumiwa. Katika wiki zile mbili za mwanzo nilikuwa nafika jioni, nasimama mlangoni, nauliza "Anaendeleaje?", naacha pesa ya chakula, naondoka. Nilijiambia kuwa pale ni mahali pa wanawake. Usiku nilikuwa nalala kitandani kwangu, na mke wangu, aliyetoka kunusurika kufa, alikuwa analala kwenye mkeka.

SIKU MOJA YA MAMA HUYO

Wengi wetu tunadhani mtoto akiwa kwenye kuvezi mama yake amepumzika. La hasha. Mtoto wa wiki 30 hajui kunyonya, kwa sababu kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja ni kazi ambayo mwili wake haujajifunza. Maziwa hupitishwa kwenye mpira mwembamba unaoingia puani au mdomoni mpaka tumboni. Mama hukamua kwa mkono kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Mwanzoni mwetu zilikuwa mililita 2 kwa mara moja, yaani hazijai hata kijiko cha chai. Akiacha kukamua usiku mmoja kwa uchovu, maziwa hupungua. Na maziwa hayo, ya mwanzo hasa, ndiyo ngao ya mtoto dhidi ya maradhi ya tumbo na vijidudu.

Kisha kuna kupumua. Watoto hawa husahau kupumua. Anakaa kimya, rangi inabadilika, na muuguzi humkuna unyayo mpaka avute pumzi. Mama akishaliona jambo hilo mara moja, usingizi wake unakwisha. Anakaa akihesabu pumzi za mwanawe kama anayehesabu tasbihi.

Mwaka 2006 serikali yetu ilitangaza kuwa mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya umma, nayo ni neema ya kushukuriwa. Lakini chakula cha mama si bure. Sabuni si bure. Nauli si bure. Dawa ikikosekana pale inanunuliwa nje. Na watoto waliobaki nyumbani, nani anawaogesha na kuwapeleka madrasa? Binti yetu wa miaka 5 alikaa kwa majirani watatu tofauti katika siku zile 54, na mpaka leo akiona begi linafungwa analia.

KIFUA CHA BABA

Siku ya 16 ndipo nilipozinduka. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alinikuta mlangoni nikiuliza swali langu la kila siku. Akaniambia: "Baba, vua shati uingie." Nilidhani ananitania. Akanikalisha kwenye kiti, akamtoa mwanangu akiwa na nepi na kofia tu, akamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge cha mke wangu. Mke wangu akaenda kulala. Alilala saa nne mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Njia hii huitwa kangaruu, kwa jina la yule mnyama wa Australia anayebeba mwanawe mfukoni. Ilianzia mjini Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari aitwaye Edgar Rey, kwa sababu hospitali yake ilikuwa na watoto wengi na vyombo vya joto vichache. Yaani ilizaliwa na uhaba kama wetu. Lakini msidhani kuwa ni dawa ya masikini tu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja walianza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kundi jingine walisubiri mpaka watengemae. Katika siku 28 za mwanzo, katika kundi la kwanza walifariki 12 katika kila watoto 100, na katika kundi la pili karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kuwa watoto hawa wabebwe hivyo kuanzia saa 8 kwa siku na zaidi, tena waanze mapema.

Sasa hebu tupige hesabu, ndugu msomaji. Saa 8 kwa siku na zaidi, mama huyohuyo akamue kila saa tatu, ale, aoge, afue, alale. Mwanamke mmoja hawezi. Ndiyo maana katika utafiti ule mama alisaidiwa na jamaa aliyemchagua mwenyewe, naye akapokea zamu ya kumbeba mtoto. Huko waligundua kwa elimu yao kitu ambacho bibi zetu walikijua katika arobaini: kwamba mzazi mmoja ana haja ya mikono mingi.

Wapo watakaosema mwanamume kukaa kifua wazi na kichanga ni aibu. Mimi nilicheka na nikachekwa. Lakini tunayemfuata ni Mtume wetu (Swalla Allaahu alayhi wa sallam), ambaye alimbeba mjukuu wake Umaamah hali yu ndani ya Swala. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Kama Swala haikumzuia kumbeba mtoto, mimi na wewe tunazuiwa na nini? Na kama wodini mna akina mama wengine wanaonyonyesha, basi waombeni wauguzi pazia au sehemu ya pembeni, muulizane saa inayofaa. Stara inapangika. Isiwe kisingizio cha kukimbia.

NDIMI ZETU

Jambo jingine linalowaumiza akina mama hawa ni ndimi zetu, na hapa nawasema Waislamu wenzangu kwa uwazi.

Kuna waliohesabu miezi tangu harusi. Jirani yetu wodini, binti mdogo Muislamu aliyeolewa karibuni, alijifungua kabla ya miezi saba ya ndoa yake kutimia. Maneno yalifika hospitalini kabla ya uji. Enyi ndugu zangu, mnasoma Qur'aan au mnaipamba kabatini tu? Katika Suratul Ahqaaf, aya ya 15, Allaah Ametaja kuwa kubeba mimba na kumwachisha mtoto ziwa ni miezi thelathini. Katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili. Toa miezi 24 katika 30, inabaki 6. Kwa hesabu hii Maswahaba walisema kuwa mimba ya miezi sita inawezekana, na imepokewa kuwa Aliy (Radhiya Allaahu anhu) aliitoa hoja hii kumtetea mwanamke aliyetuhumiwa kwa kuzaa mapema. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu iliyopita jambo hili lilishajibiwa, na sisi bado tunahesabu kwa vidole barazani. Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa.

Kuna wanaoleta habari za husuda na wachawi, wakamfunga mtoto hirizi yenye uzi mchafu karibu na kitovu kibichi. Anayetaka kumkinga mtoto na amsomee Mu'awwidhatayn na amwombee dua, kisha aoshe mikono yake kwa sabuni kabla ya kumgusa. Na kuna wanaouliza mbele ya mama, "Hivi huyu ataishi?" Uhai na mauti viko kwa Allaah. Wewe umekuja kumzuru mgonjwa au kumhukumu?

MAZIWA YA JIRANI

Siku mbili za mwanzo mke wangu alikuwa hajitambui kwa presha na maziwa hayakutoka. Mama mmoja kutoka mkoani, wala si Muislamu, alikuwa na maziwa mengi. Muuguzi alikuwa ameviona vipimo vyake, akatuuliza kama tunakubali. Tulikubali, Allaah Amlipe kheri.

Nalitaja hili kwa sababu familia nyingi za Kiislamu hulipita bila kujua hukumu yake. Undugu wa kunyonya umetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 23, na wanachuoni wengi wamesema kuwa maziwa yaliyokamuliwa na kupitishwa kooni au puani yana hukumu ya yaliyonyonywa. Kwa madhehebu ya Imaam Shaafi'y, yakifika mara tano zilizo mbalimbali undugu unathibiti, na madhehebu mengine yanatosheka na machache zaidi. Kwa hiyo pokeeni msaada ikiwa daktari au muuguzi ameridhika na afya ya mtoaji, lakini andikeni jina la mama huyo, la mwanawe, na idadi ya mara. Kisha muulizeni shehe wenu. Sisi tuliandika. Leo mwanangu ana dada wa kunyonya mkoani, na siku ya Idi tunapigiana simu.

HAKI YA ALIYEFIWA

Yule binti niliyemtaja, aliyehesabiwa miezi, mtoto wake aliishi siku 11. Alifariki alfajiri. Mumewe alikuwa safarini, na aliyemfunika mtoto kwa kanga ni mke wangu, mwenyewe akiwa na wake kwenye sanduku. Nilipiga simu kwa watu wanne kutafuta wa kuosha na kuzika. Mmoja aliniuliza: "Kichanga cha siku 11, kweli kinahitaji watu?"

Ndiyo, kinahitaji. Mtoto aliyezaliwa hai, hata kama amevuta pumzi chache, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa kama Muislamu yeyote. Na mama yake amefiwa kama aliyefiwa na kijana wa miaka ishirini. Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alitokwa na machozi kwa mwanawe Ibraahiym, naye alikuwa mchanga anayenyonya. Tulimswalia watu sita. Nilisimama kwenye safu ile nikaona haya kwa niaba ya mtaa mzima, na ndipo niliponuia kuandika haya.

NINI KIFANYIKE

Napendekeza kwa kila msikiti na kila kikundi cha akina mama chenye darsa, arobaini ihamie hospitalini. Si jambo la gharama kubwa, ni la mpango.

Kwanza, apatikane mtu mmoja wa kupeleka na kuleta habari, ili mama asiulizwe na simu 30 kwa siku. Pili, zamu iandikwe kwa siku 40, si kwa siku 3. Nyumba 20 zikishiriki, kila moja inapata zamu mara mbili tu: chupa moja ya uji, sahani moja ya chakula, na nguo chafu kurudi nazo. Tatu, watoto waliobaki nyumbani wakae kwa nyumba moja inayojulikana, wasitangazwe kama mali iliyopotea. Nne, baba apewe ruhusa na tajiri wake, na wanaume wenzake wampokee kazi au duka hata kwa saa chache, ili naye ashike zamu ya kifua. Tano, sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa dawa na nauli. Tukumbuke kuwa huyu hakulazwa kwa siku mbili.

Vijana wanafunzi, ninyi mnaoweza kusoma na kuandika Kifaransa, msiwaache dada zenu wakitia saini karatasi wasizozielewa. Nendeni muwasomee. Hiyo nayo ni elimu yenye manufaa.

Na adabu za ziara zizingatiwe. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani na aombe dua. Wasiingie watu kumi wodini. Msimpige mtoto picha na kuisambaza. Msimwambie mama kuwa akika imempita: siku ya saba ikipita, wanachuoni wametoa nafasi ya siku ya 14, ya 21 na baadaye, na asiye na uwezo hana lawama. Mwambieni pia kuwa nifasi imemzuia Swala lakini haikumfungia mlango wa dua na dhikri. Mke wangu aliniambia kuwa kitu kilichomuuma kuliko njaa ni kudhani kuwa Allaah hamsikii mpaka atwahirike.

Najua wako watakaosema kuwa kuuguza ni kazi ya hospitali. Kweli, na wauguzi wale walikuwa wanalea watoto wengi kuliko mikono yao, Allaah Awape nguvu. Lakini tumefundishwa kuwa kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu, na katika Hadiyth Qudsiy tumeelezwa kuwa Siku ya Qiyaamah mja ataulizwa kwa nini hakumzuru Mola wake alipougua, na maana yake ni kuwa angemzuru mja Wake fulani aliyekuwa mgonjwa. Hakuna palipotajwa kuwa ziara hiyo ina mwisho wa siku ya tatu.

Wengine watasema sisi ni masikini. Sawa. Lakini harusi zetu tunazichangia, na hitima zetu tunazila. Chupa ya uji haijamshinda mtu wa Buyenzi.

Mwanangu tulitoka naye akiwa na gramu 1,900. Leo anakimbia uani na kumwaga maji ya udhu ya babu yake. Tunampeleka kliniki kwa macho yake na masikio yake, maana watoto hawa wanahitaji kufuatiliwa hata baada ya kutoka. Kila nikimvua shati kumwogesha nakumbuka zile siku 16 ambazo kifua changu kilikuwa hapa mtaani bila kazi. Siku hizo sitazipata tena. Wewe ambaye leo shemeji yako, jirani yako au mke wako yuko wodini, bado unazo.

Tunamwomba Allaah Awaponye watoto wetu walio mahospitalini, Awape subira mama zao, Awarehemu waliotangulia na Awafanye kuwa shufaa kwa wazazi wao. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.